Subaru Forester ya turbo inavuja oili kwenye filta: kagua oili kula (kipoza oili)

Mkuu, kama umebadilisha filta mara mbili na oili bado inadondoka palepale, filta haina kosa. Kwenye injini ya EJ20 ya turbo, kati ya filta na bloku kuna kidude cha duara chenye paipu mbili za maji. Hiyo ndiyo oili kula. Upande unaolala kwenye bloku una oringi (mpira wa duara wa kuzuia uvujaji), na joto la miaka huikausha mpaka inakuwa ngumu kama plastiki.

Usifungue kabla ya kuhakikisha. Swichi ya presha ya oili iko juu ya bloku, chini ya alteneta. Ikivuja, oili huteremka hadi kwenye filta na kukudanganya. Osha eneo lote kwa dawa ya kusafishia breki, washa injini dakika kumi, kisha mulika pale kula inapokutana na bloku. Pakilowa wakati juu ni pakavu, umeshapata.

Injini ikiwa ya baridi, mwaga oili, toa filta, bana paipu za maji, legeza boliti nene ya katikati yenye tundu. Oringi ya zamani usiichokoe kwa bisibisi. Ukikwaruza bloku umejitengenezea uvujaji mpya. Agiza oringi kwa namba ya chesisi, si kwa kukadiria kwa macho, na uipake oili tu. Silikoni usiweke kabisa: inayozidi hubanduka, huingia kwenye njia za oili, na turbo haisamehi. Shikilia kula isizunguke unapokaza. Filta mpya ikigusa kula, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Ukikuta ute kama maziwa kwenye rejeta, hilo ni jambo jingine: kula huenda imetoboka ndani. Injini ikiwaka, presha ya oili huzidi ya maji, hivyo oili huingia kwenye maji; ukizima ingali ya moto, maji ndiyo yenye presha, yanaingia kwenye oili. Mafundi wengi hapo hukimbilia kushusha hedi (sehemu ya juu ya silinda). Kwanza fungua kula, ziba tundu moja la maji, puliza hewa bar 2 kwenye lingine, izamishe kwenye ndoo. Ikitoa viputo, tupa, weka mpya, kisha flashi (suuza) mfumo wa maji mpaka yatoke masafi.

Kama gari ni automatiki na ute una wekundu, chunguza giaboksi: kula yake imo ndani ya rejeta. Badilisha rejeta, na gari usiliendeshe mpaka mafuta ya giaboksi yamwagwe yote.