Fungu la baba yako mdogo

Ugonile, mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umesikia kwa mama yako kwamba ile harusi ya Tukuyu niliyopiga dramu nililipwa shilingi 80,000, na kabla sijafika nyumbani 30,000 zilikuwa zimeshakwenda kwa baba yako mdogo. Ukaniuliza: "Baba, mtu asiyepiga analipwa nini?" Najua hukuuliza kwa ubaya. Wewe ndiye uliyetuma pesa ya bati, na jiko bado linavuja. Una haki ya kujibiwa, na kwenye simu ningekatisha njiani, ndiyo maana naandika.

Baba yako mdogo hatukuzaliwa tumbo moja, hilo unalijua. Nilimkuta kwenye bendi, Makambako, mimi nikiwa mbeba vyombo. Napakia spika, nafunga kamba, nalala juu ya mzigo. Siku moja mpiga dramu akashikwa na malaria jioni ya onyesho, nikasukumwa kwenye kiti chake kwa sababu walizoea kunisikia nikigonga meza. Deiwaka, yaani kibarua, wa usiku mmoja. Nilipiga kila nilichowahi kukisikia, tena kwa nguvu, nyimbo zikaanza kukimbia. Yeye akasogea na besi yake mpaka goti likagusa sahani za dramu zangu, akaniambia nitazame bega lake la kushoto, mguu wangu usikanyage dramu kubwa mpaka lishuke. Usiku mzima nikawa natazama bega. Kufika asubuhi nilikuwa mpiga dramu.

Watu ukumbini wanamtazama mwimbaji na mpiga solo, na ni haki yao. Ila anayewanyanyua kwenye viti ni dramu na besi. Kwenye rumba mimi nagonga ukingo wa snea tu, ile dramu ndogo ya mbele, taratibu, na mguu wangu unashuka pale pale kidole chake kinapovuta waya. Tukiachana kidogo, mchezaji hajui kilichoharibika, lakini utamwona anarudi kukaa. Na kujua tuingie lini kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, sijaona mtu aliyekuwa na jicho kama lake. Tukuyu mvua inanyesha, watu wameingia na makoti na mabuti ya shamba, miili imekakamaa kwa baridi; ananizuia, rumba inazunguka tena na tena mpaka makoti yatundikwe ukutani. Keshokutwa tuko Kyela, kilomita 50 hivi ukiteremka kuelekea ziwani. Joto, mpunga umevunwa, watu wana pesa na haraka. Wimbo ni ule ule, ila bega linashuka mapema na snea inalia kabla mwimbaji hajamaliza beti la pili. Mimi peke yangu ningepiga sawa kote, na kote ningekosea.

Tumba nazo zilikuwa za ngozi. Njombe mwezi wa Saba unyevu unazilegeza mpaka zinalia kama gunia, tunaziotesha moto kwenye jiko la mkaa nyuma ya ukumbi. Yeye ndiye aliyekuwa akizigeuza, ingawa si chombo chake.

Sasa mambo ya pesa. Bendi kubwa za wakati ule nyingi zilikuwa za mashirika. Iringa walikuwepo Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, na mapacha wao, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Miaka ya 1980 tulikuwa tukiwasikia redioni tunaacha kula. Wanamuziki wa namna hiyo walikuwa na mwajiri, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Sisi hatukuwa na shirika. Tulifuata mavuno: mpunga Kyela na Usangu, kahawa Mbozi, mbao Mafinga, na mwisho wa mwezi mashamba ya chai, Rungwe na Mufindi. Pesa ya mlangoni inamwagwa mezani, yanatolewa mafuta ya jenereta, nauli, gesti na chakula, kinachobaki kinakatwa mafungu sawa. Ukipiga unapata, usipopiga hupati. Sheria hiyo unayonikumbusha ndiyo tuliyoanza nayo, na iliyoivunja ni safari ya Sumbawanga.

Miaka ya 1990, barabara ya kutoka Tunduma bado vumbi, zaidi ya kilomita 200. Tulipiga usiku tatu, ukumbi unajaa. Asubuhi ya nne promota hayupo, pesa ya mlangoni haipo, na mwenye gesti amesimama mlangoni na daftari lake. Alitaka abaki na vyombo. Tukibakisha vyombo, Jumamosi Vwawa hatupigi, na malipo ya awali ya Vwawa tulikuwa tumeshayala. Basi baba yako mdogo akamwambia yule mzee: nibakishe mimi na gitaa langu, hawa waende. Akatugeukia akasema besi ya kuazima Vwawa ipo, na mpiga besi yupo. Mpiga dramu hayupo. Kwa hiyo mimi niende, yeye abaki.

Alikaa siku tano. Kutumiana pesa kwa simu hakukuwepo. Tulimpa dereva wa basi bahasha, tukamwomba Mungu dereva awe mwaminifu, na alikuwa. Hizo siku tano alichota maji pale gesti na kufagia ua. Vwawa Jumamosi tulipiga na besi ya kuazima, nikihangaika kutafuta bega ambalo halipo. Usiku pesa ikamwagwa mezani. Kiongozi wa bendi akakata mafungu, akaongeza moja, akalifunga kwenye leso. Hakuna aliyeuliza la nani.

Tangu usiku ule, mwanangu, sijawahi kukata mafungu bila kulihesabu lake. Kiharusi kimechukua mkono wake wa kushoto, huu ni mwaka wa tatu. Lakini ile harusi ya Tukuyu nilimpigia simu mchana, nikamwambia wapiga solo ni vijana, wanakimbia. Akaniambia nisiwafukuze: niwaachie sahani, nishike mguu tu, watarudi wenyewe. Wakarudi. Nilipomtumia 30,000 alinijibu "ndaga fijo", asante sana, na kuniuliza kama watu walivua makoti.

Kuhusu bati, nimekosea jambo moja, nalo ni kunyamaza. Pesa uliyotuma haijaguswa, iko kwa mama yako, na fundi anakuja Jumatatu. Fungu la baba yako mdogo linatoka kwenye mikono yangu, na nitaendelea kulitoa wakati mikono hii bado inapiga. Jumamosi naitwa Mafinga, deiwaka. Anayeniita ni mpiga kinanda niliyemwazima sahani zamani, akazirudisha zimefutwa vumbi.

Ukija mwezi wa Nane pitia Kariakoo, uniletee ngozi ya snea, inchi 14. Na mnunulie baba yako mdogo waya za besi, seti moja. Gitaa bado linaning'inia ukutani kwake, na waya zake zimeshika kutu.

Baba yako