Mama ana moyo mkubwa, kaletewa vidonge vya hothoni toka Uingereza: atumie?

SWALI: Shikamoo dada. Mi naishi na mama hapa Makorora, Tanga, ana miaka 64. Mwaka jana hospitali walituambia moyo umetanuka na hausukumi damu vizuri, wakamwanzishia kidonge cha maji, kavediloli, digoksini na kingine cha presha. Sasa binamu yangu kaja likizo toka Uingereza na chupa mbili za vidonge vya beri za hothoni, anasema kule wazee wanatumia kwa ajili ya moyo na ni mimea mitupu haina kemikali. Mama kafurahi mno, anasema vya hospitali vinamkojoza usiku kucha na mchana hata shughulini hawezi kwenda, anataka aviache ashike hivi. Naogopa kumwachia na naogopa kumkatalia. Nifanyeje? Kijana wa Makorora.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na lile la haraka kabisa, mama asiache hata kidonge kimoja cha hospitali, na hizo chupa zisifunguliwe mpaka daktari wake aziangalie. Kavediloli hasa haikatwi ghafla, mtu akiiacha hivyo mapigo yanaweza kwenda mbio na moyo ukazidiwa.

Sasa hothoni yenyewe ni nini. Ni kichaka cha miiba cha Ulaya, huku kwetu hakioti, ni ukoo mmoja na matofaa tunayoletewa toka Lushoto, na beri zake ni nyekundu ndogo. Wachina nao wana ya kwao, wanachovya kwenye sukari wanauza kwenye vijiti kama mishikaki. Kwa hiyo binamu yako hajadanganya, kule ni dawa ya moyo ya tangu zamani na ndani yake kuna vitu vinavyolegeza mishipa kidogo. Ila kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi, utafiti mwingi wa moyo umefanyika kwa majani na maua yaliyokamuliwa kwa kipimo maalumu, sio beri. Ujerumani kamati yao ya dawa za mimea, Commission E, mwaka 1994 ilikubali majani pamoja na maua kwa moyo uliochoka kiasi, beri zenyewe haikuzipitisha. Chupa ya mama imeandikwa beri, sivyo?

Na hata hayo majani na maua, zamani majaribio madogo madogo yalionyesha watu wanahema vizuri zaidi na uchovu unapungua, watu wakapata matumaini. Halafu yakaja makubwa. Moja lilichukua wagonjwa 2,681 wa moyo kushindwa kusukuma damu, nusu wakapewa miligramu 900 kwa siku na nusu kidonge kisicho na kitu, wote wakiendelea na dawa zao za hospitali, miaka 2 nzima. Majibu yalipotoka 2008, vifo na kulazwa kwa jumla havikupishana kiasi cha kusema dawa imefanya kazi. Jingine la 2009 lilikuwa na wagonjwa 120 kwa miezi 6, wakawapima umbali wanaotembea kwa dakika 6, pia hakuna tofauti. Na uone hapo, hao wote hakuna aliyeambiwa aache vidonge vyake, hothoni iliongezwa juu. Hilo ndo mama anataka kuligeuza.

Kinachonitia hofu zaidi ni digoksini. Ile dawa kipimo chake ni chembamba sana, ikizidi kidogo tu inakuwa sumu, mtu anakosa hamu ya kula, anatapika, anaona vitu vya njano, mapigo yanashuka. Hothoni inaaminika kugusa moyo kwa njia inayokaribiana nayo, ndo maana wafamasia tunaonya visichanganywe bila daktari. Pamoja na kavediloli na dawa ya presha nako presha inaweza kushuka sana, mama akasimama toka kitandani kizunguzungu kikamwangusha. Kusema ni mimea haina kemikali hakumlindi, digoksini yenyewe imetoka kwenye mmea.

Nirudi kwenye mkojo, maana nahisi hapo ndo penye shida yenyewe na mama hajapata mtu wa kumsikiliza. Kidonge cha maji kinafanya kazi kama saa 6 hivi. Akikinywa asubuhi saa moja, mpaka alasiri kimeshamaliza, hakiwezi kumwamsha saa nane usiku. Mgonjwa wa moyo mchana maji yanashuka yanakaa miguuni, usiku akilala yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa, ndo anaamka mara nne. Maana yake huenda maji bado yamezidi mwilini, na akiacha kidonge yatazidi zaidi. Muulize vizuri anakinywa saa ngapi, isije ikawa anakinywa na chai ya jioni. Na siku ya shughuli mwombeni daktari ruhusa akinywe akisharudi, wagonjwa wengi wanapangiwa hivyo, akae na wenzie kwa amani.

Mama yangu mdogo naye alikuwa na ugonjwa huu huu, akaacha vidonge kimya kimya akashika dawa ya kuchemsha aliyoelekezwa na jirani. Nilivyoenda kumwona Ngamiani alikuwa amekaa kitandani kaegemea mito mitatu, nikamshika mguu nikabonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo, nilipotoa kidole shimo likabaki pale pale, nikahesabu mpaka ishirini bado lipo. Alikuwa ananiambia yuko vizuri huku sentensi moja anaimaliza kwa pumzi tatu. Tulimuwahisha akapona ile safari, namshukuru Mungu, lakini ndo maana nakwambia usimkatalie mama kwa ukali ukamfanya awe anaficha. Kaa nae, mwambie mama tunaibeba chupa kliniki tumuonyeshe daktari, na kweli uibebe.

Nyumbani fanya hivi. Nunua mzani, apimwe kila asubuhi akishakojoa kabla ya chai, andika. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hayo ni maji, nendeni hospitali msingoje tarehe ya kliniki. Mbonyeze miguu. Muulize analalia mito mingapi. Na chumvi jamani, sisi wa Tanga tunapenda papa mkavu, ukiloweka usiku mzima ukimwaga maji bado kidole kinatoka cheupe, mtu anakula huo mchuzi mara tatu kwa wiki halafu analaumu vidonge. Mpikieni changu au kibua mbichi, ndimu na pilipili weka utakavyo.

SWALI: Dada mimi nipo Bagamoyo, presha yangu inacheza 138 kwa 86, sijaanzishiwa dawa. Nasikia choya inashusha, kweli?

JIBU: Kweli kiasi. Kuna jaribio la Marekani la 2010, watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo kama yako na hawako kwenye dawa, waliokunywa vikombe 3 vya choya kwa siku kwa wiki 6 namba ya juu ya presha, kwako ndo hiyo 138, ilishuka kama 7, wenzao waliopewa kinywaji cha kufanania ilishuka 1 tu. Kwa hiyo kwako inafaa kujaribu, bora usiwe mjamzito. Ila choya ya kwetu inavyotengenezwa kwenye jagi na sukari nusu kilo hiyo hapana, weka tangawizi na iliki, sukari iache. Baada ya wiki 6 pima tena, asubuhi, ukiwa umekaa kimya dakika 5, siku tatu mfululizo, uziandike zote. Ikiwa bado iko hapo au imepanda nenda kituo cha afya na hilo karatasi lako.