Maelekezo ya gemu: fungua ukishakwama

Ndugu, umeuliza kama kutazama video za maelekezo kunaharibu gemu. Inategemea unazifungua wakati gani. Chukua GTA San Andreas ya 2004, ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki, iliyowatoa watu jasho. Wengi wanabana ubavuni mwa treni, risasi za Big Smoke, mwenzako uliyempakia nyuma, zinaishia kwenye mabehewa. Kaa mbali kidogo, apate pembe ya kuwalenga maadui walio juu ya treni. Kidokezo kama hicho hakikupunguzii raha, maana pikipiki bado unaiendesha mwenyewe. Ila video ikiwa pembeni tangu mwanzo, unacheza nini sasa? Jaribu kwanza mpaka hasira zikupande, tazama kipande ulichokwama tu, kisha funga. Na maoni ya chini usiyasome kabisa. Huko ndiko wanakomwaga mwisho wa hadithi.