Nilifunga siku 21, dada wa kazi nikamfungia mshahara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Juzi kuna mtu kaniandikia inboksi, dada nisaidie, nimemaliza mfungo wa siku 21, mikesha ya Ijumaa sijakosa hata mmoja, sadaka nimetoa, mbona mbingu kimya? Nimeisoma kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Sikumcheka yeye jamani, nilijicheka mimi, manake huyo alikuwa mimi kabisa.

Nilikuwa naombea mume wangu apate kazi, miezi saba yuko nyumbani. Na kuomba najua, hapo sitajishusha, nikishika maiki kwenye mkesha hata waliosinzia wanaamka. Sasa siku ya 15 hiyo, saa kumi na moja alfajiri, niko chumbani nimepiga magoti, kitenge kichwani, naita moto. Mlango ukagongwa. Dada wa kazi. "Mama samahani, baba anaumwa huko Singida, naomba ile hela yangu nimtumie." Ile hela yake ilikuwa ya miezi miwili, 60,000 kwa mwezi, na wiki ileile mimi nilikuwa nimetoka kupanda mbegu ya 100,000 kanisani. Nikamjibu bila hata kufumbua macho: "We huoni niko kwenye uwepo? Pepo la usumbufu, toka!"

Pepo lenyewe ni mtoto wa watu wa miaka 19, kashika kiswaswadu kimefungwa mpira wa pesa betri isidondoke.

Akarudi jikoni. Mimi nikaendelea kunena kwa lugha huku namsikia anasugua masufuria ya jana.

Aliondoka Jumapili tukiwa ibadani, funguo kamwachia jirani, na jirani kaachiwa na stori yote. Kilichoniuma, na bado kinaniuma nisiwadanganye, ni kina mama wa seli yetu, kile kikundi chetu cha maombi, walewale ambao watoto wao wakiumwa naamshwa mimi usiku, eti mmoja kasimama kufundisha Isaya 58 macho yote kwangu. Nikarudi nyumbani na hasira nikaifungua hiyo Isaya 58 nimtafutie mwalimu kosa, sikulipata. Watu wanamlalamikia Mungu mbona tumefunga na huoni, anawaambia siku hiyohiyo mnayofunga mnawakandamiza wanaowafanyia kazi, mnafunga huku mnagombana na kupigana ngumi. Ngumi! Halafu anataja mfungo anaoutaka yeye, mwenye njaa umgawie mkate wako, asiye na nguo umvike. Maiki haikutajwa.

Sasa mpendwa uliyeniandikia, bodaboda wako anakudai shilingi ngapi? Mama wa genge je? Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiwa unapiga kelele wenyewe na kilio kinamfikia Bwana, kwa hiyo wewe unaomba sebuleni na hela ya mtu inaomba kwenye pochi yako, na hiyo haichoki wala haisinzii. Yesu naye kwenye Mathayo 5 kasema ukifika madhabahuni na sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno na wewe, iache hapohapo, nenda kwanza mkapatane. Sisi tungetoa kwanza, tukapiga picha na bahasha, kupatana tutaangalia wiki ijayo. Lipa watu. Ongea na watu vizuri, hasa wale ambao hawawezi kukujibu. Na kina baba msicheke, 1 Petro 3:7 inawahusu, mke asipoheshimiwa maombi yanazuiliwa, siyo mimi niliyeandika. Lipeni watu jamani.

Na sikuahidi ukilipa leo kesho mume anaitwa kazini, wa kwangu alisubiri sana tu baada ya hapo, Mungu siyo mashine ya kutolea hela.

Namba ya yule binti nilimwomba jirani, ilibidi nijishushe kweli maana alinisimamisha getini kama mgeni. Nikatuma 120,000 na ya kutolea, na meseji ndefu ya kuomba msamaha, na mistari ya Biblia mitatu. Saa nzima kimya. Halafu ikaingia: "Asante mama. Baba hajambo sasa. Bado 15,000 ulinikata ya lile bakuli, sikuvunja mimi."

Ni kweli, alivunja mume wangu. Nikatuma.