Uso mweusi, shati limeungua: ninunue preseti?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo kidato cha tano Iringa, na Jumamosi tuna darasa la kupiga na kuhariri picha. Tukipiga wenzetu uwanjani asubuhi na mashati yao meupe, nyuso zinatoka nyeusi. Nikiongeza mwanga kwenye simu, uso unajaa chenga na shati linapotea kabisa. Nimekutumia picha moja uione. Kuna jamaa anauza preseti 50, mipangilio ya kuhariri picha iliyotengenezwa tayari, kwa shilingi 15,000, anasema zinaokoa picha yoyote. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue.

Kamera yenu ni nzima. Mita yake, yaani kipimo chake cha mwanga, haijui shati wala ukungu; chochote kilicho mbele yake inataka kiwe na wastani wa kijivu. Sasa asubuhi ya mwezi wa saba huko kwenu, ukungu nyuma, mashati meupe mbele, fremu nzima ni weupe mtupu. Kamera inaushusha ule weupe, na uso wa mwenzako unashuka nao. Dawa yake ni miguu yako: zunguka, ukungu ubaki mgongoni kwako na yeye autazame. Mpe mtu mwingine ashike karatasi ya manila nyeupe usawa wa kifua cha anayepigwa, nje ya fremu, irudishe mwanga chini ya kidevu. Halafu gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka ijifunge, upandishe kidogo kile kialama cha jua.

Kinachonikera ni hilo neno "zinaokoa". Picha ya JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, inaandika kila nukta kwa namba kuanzia 0 hadi 255, kwa kila rangi kati ya tatu. Shati likishaungua, yaani likishazidiwa na mwanga mpaka likawa jeupe tupu, vifungo, mikunjo na mshono wa kola vyote vimeandikwa 255. Hakuna kola iliyojificha humo inayosubiri kufukuliwa. Chenga za usoni nazo ni hivyo hivyo: mwanga ulioingia ulikuwa kiduchu, ukiuvuta unavuta na uchafu wake. Faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, la biti 14 lina ngazi 16,384, kwa hiyo linakupa nafasi zaidi ya kurekebisha, lakini nalo likiungua limeungua.

Na preseti ni nini? Ni namba za mtu mwingine alizozihifadhi: joto la rangi kiasi hiki, vivuli kiasi hiki, alizozipanga kwa picha yake, mwanga wake na ngozi ya mtu wake. Mara nyingi hiyo ngozi siyo yetu. Hili halikuanza na simu. Miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikawa inatoka vyovyote itakavyotoka.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea studio, hapa Mwanjelwa, picha zaidi ya 200 za mahafali. Zote kazipitisha kwenye preseti moja ya kununua. Wahitimu wana rangi ya embe bivu, meno ya bluu, na majani ya nyuma yamekuwa kahawia kana kwamba Mbeya kuna kiangazi cha Dodoma. Akataka niitoe ile rangi. Nikamwomba picha za mwanzo. Kazifuta, simu ilijaa. Wazazi walishalipa. Aliyemuuzia preseti hakupokea simu tena, na wa aina yake ni wengi: leo preseti, kesho "programu ya kuongeza megapikseli", keshokutwa kozi ya siku mbili yenye cheti.

Halafu hiyo picha uliyonitumia imepita WhatsApp kama picha, imebanwa. Kama ndivyo mnavyozihamishia kwenye kompyuta za darasani, mnahariri makapi. Tumeni kama dokumenti, au tumieni waya.

Jumamosi piga mtu mmoja mara tatu: ukungu nyuma yake, ukungu mbele yake, kisha kivulini mlangoni pa darasa. Usiguse kitu, nitumie zote tatu.