Shangazi, mke wangu haamini tena "masaa mawili tu" yangu

*Shangazi shikamoo. Tuko likizo ya wiki moja milimani, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 12 na 7. Nyumbani huwa naendesha baiskeli wikendi, ingawa si kila wikendi. Nimeomba nusu siku moja tu ya kuendesha huku, mke wangu kanuna. Mwaka jana niliaga "masaa mawili tu" nikarudi jioni. Sasa anasema kama ni lazima niende, basi niende na kijana wetu mkubwa. Kuna njia tatu. Ya kwanza ina alama nyekundu, kilomita 28, kupanda mita 900. Ya pili ni ya bluu, mzunguko wa kilomita 16, kupanda mita 350. Ya tatu ni nyeusi, gari linakupeleka kileleni halafu unashuka kilomita 14. Moyo uko kwenye ile ya kwanza. Nichague ipi, na nimwambie nini mama watoto?*
*Mwenye Hamu*

Marahaba, mwanangu. Baiskeli mkeo hana ugomvi nayo. Kinachomchosha ni kubaki na watoto wawili huku akichungulia dirishani, asijue utatokea saa ngapi. Kwa hiyo tafuta kwanza saa ya kurudi, kilomita zifuate.

Kwa mtu wa wikendi kwenye njia ya udongo na mawe, anza na kilomita 10 kwa saa. Kila mita 100 za kupanda, ongeza dakika 10. Weka dakika 20 za kunywa maji na kusoma ramani, na 30 za akiba, maana pancha haiombi ruhusa. Ile nyekundu yako inakula masaa matano na ushee kabla hujahesabu gari la kwenda na kurudi. Hiyo ni siku nzima, na kutopiga hesabu kama hiyo ndiko kulikokuponza mwaka jana. Ya bluu inatoka na masaa matatu pamoja na akiba yake. Nenda ya bluu.

Ile ya kushuka inavutia kwa sababu haina jasho, lakini kilomita 14 za mteremko mkali ni mikono iliyokaza breki mpaka vidole vinakufa ganzi, na alama nyeusi inataka kofia ya kufunika uso mzima na kinga za magoti. Isitoshe, unategemea ratiba ya gari la mtu mwingine. Iache.

Rangi zenyewe zisome kwenye ubao wa mahali ulipo. Uingereza wanapanga kijani, bluu, nyekundu, nyeusi. Marekani nyekundu haimo, ukimaliza bluu unaingia nyeusi. Na mara nyingi rangi hupima ugumu wa njia, haikwambii itakuchukua muda gani.

Kabla hujaamua, angalia mchoro wa miinuko. Mita 350 zikigawanywa kwenye kilomita 8 ni mwinuko wa asilimia 4 hivi, unapanda ukiongea. Zikibanwa kwenye kilomita 3 zinakaribia asilimia 12, na hapo wengi hushuka wakasukuma. Zungukia upande utakaokupandisha mwanzoni, miguu ikiwa mibichi. Mlima wa mwishoni ndio unaochelewesha watu chakula cha mchana.

Kuhusu kijana, mwambie mkeo hapana, lakini kwa hesabu. Mtoto wa kilo 35 juu ya baiskeli ya kilo 13 anapandisha zaidi ya theluthi ya uzito wake. Wewe ukiwa na kilo 80 na baiskeli ya kilo 14, hata moja ya tano haifiki. Ukimchukua, utamsubiri kila kona, naye atajiona mzigo, na wote wawili mtarudi mmenuna. Mpangie siku nyingine njia ya kijani ya kwenda na kurudi palepale, kilomita 6 hadi 8. Uzuri wa njia ya namna hiyo ni kwamba akichoka mnageuza. Kwenye mzunguko, ukishapita nusu, kugeuza hakusaidii kitu.

Baiskeli ya kukodi ichukue jioni ya kuamkia safari, wakati fundi bado yupo. Kitu cha kwanza ni breki: uliza mkono upi unakamata gurudumu la mbele. Uingereza ni wa kulia, Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ni wa kushoto. Mtu aliyezoea upande mmoja akikaza kwa nguvu kwenye mteremko, anaruka juu ya usukani bila kujua kosa liko wapi. Ukivuta mkono wa breki ukagusa usukani, irudishe.

Kisha weka gia nyepesi kabisa, ile ya meno makubwa nyuma, na uzungushe pedali polepole gurudumu likiwa juu. Simama nyuma ya baiskeli utazame. Mkono wa gia ya nyuma uning'inie wima chini ya meno. Ukiwa umepinda kuelekea spoku, baiskeli imewahi kuanguka upande wa kulia na kile chuma kinachoshikilia gia kimepinda. Hapo dukani kinanyooshwa kwa dakika chache. Ukikiacha, kwenye mlima utabadilisha kwenda gia nyepesi, gia iingie kwenye spoku, na safari iishie hapo kwa miguu.

Kiti kipandishe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini mguu unanyooka. Kwenye mteremko kishushe. Upepo wa tairi upime mwenyewe, kwa sababu mara nyingi zinakuwa zimejazwa kama za lami. Kwa mtu wa kilo 80 na tairi pana za inchi 2.3 hivi, psi 24 mbele na 27 nyuma ni pa kuanzia. Ukizidisha sana, tairi inadundadunda juu ya mawe na kuteleza kwenye kona. Ukipunguza sana na ndani kuna tyubu, rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba.

Mfukoni beba tyubu moja ya ukubwa wa gurudumu lako, vijiti viwili vya kubandulia tairi, pampu, funguo za kukunja na kiungo cha kuungia mnyororo. Hata kama tairi hazina tyubu, beba, kwa sababu ikichanika ubavuni ile dawa ya majimaji inayotiwa ndani kuziba matundu haizibi. Hakikisha pampu inaingia kwenye valvu uliyonayo, maana kuna nyembamba na kuna nene kama ya gari. Kiungo nacho kina saizi: cha mnyororo wa gia 12 hakikai kwenye wa gia 10. Maji lita moja na nusu.

Sasa saa. Kama njia iko dakika 20 kwa gari, ondoka saa 12 na nusu asubuhi, watoto wakiwa bado wamelala. Unaanza kuendesha saa 1 kasoro dakika 10, na juu unafika kama saa 2 na dakika 20. Ukiona saa 2 na nusu imefika na bado unapanda, geuza urudi ulikotoka. Usijipe dakika tano zaidi, ni hizo tano zilizokupeleka jioni. Mambo yakienda kama hesabu, mlangoni unaingia kabla ya saa 4 na robo, hata pancha ikikupata njiani. Mke mwambie saa 5.

Mwachie picha ya ramani, jina la njia na mahali ulipoegesha gari, na mkubaliane kwamba saa 5 na nusu bila simu yako, anawaita wenyeji wa njia ile. Mvua ikinyesha usiku kucha, hoja ife asubuhi hiyohiyo: udongo wa mfinyanzi unajaa kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki, na hesabu yote ya hapo juu inaharibika.

Ila usianze na haya. Anza kwa kumuuliza yeye anataka nusu siku yake lini, peke yake, wewe ukibaki na watoto wote wawili. Yake iwe kabla ya yako, na akiaga, usimuulize atarudi saa ngapi.