Kesi ya kijana wa miaka 15: si mahakama ya familia

Dada, umeuliza kama kesi ya wizi ya kijana wa miaka 15 iende mahakama ya familia. Hapana, huko ni talaka na mirathi. Yeye ni wa mahakama ya watoto, kwa Mombasa ipo Tononoka. Mauaji ya kukusudia ndiyo huenda Mahakama Kuu. Mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imesema, na chini ya 14 lazima upande wa mashtaka uthibitishe alijua baya na jema.

Kinachoharibu kesi nyingi ni umri: polisi huandika 18 kwa kumtazama ndevu tu, akawekwa na watu wazima. Pelekeni cheti cha kuzaliwa kituoni mapema, kabla hajasomewa mashtaka.